Usikaze Yote Siku Moja

Nzilo, tarehe 17 Novemba 1957

Kwako Yaya Tshiela, Lubudi

Yaya wangu, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za asubuhi kama barua hii imekufikia asubuhi, na za jioni kama mtu wa posta wa Lubudi amesimama tena njiani kunywa munkoyo. Mgongo wa shemeji Kabongo unaendeleaje? Bado anainua mataruma ya reli peke yake ili vijana wamwone? Mwambie vijana wamekwisha kumwona, sasa apumzike. Watoto wote wanane nawabusu, na yule wa mwisho aliyenimwagia uji kwenye suruali ya Misa namsamehe. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza vizuri, ziwa limejaa, na nimenenepa kidogo kwa samaki wa huku hata mkanda umeomba tundu jingine.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimeketi. Umesema utakuja Kolwezi siku yoyote nitakayokuita, niwe mgonjwa au mzima, lakini katika ua wa Mama Mado hutatia mguu, na kama nimeona kwamba duniani hakuna msichana mwingine ila Odile binti yake, basi nimwoe bila wewe. Umesema mwanamke aliyekuitia polisi hawezi kuwa mama mkwe wa mdogo wako. Na Mama Mado naye, Yaya, amesema hatatoa binti yake mpaka dada yangu ale bukari na kitoweo nyumbani kwake. Sisi hatuna baba wala mama. Wewe ndiye uliyenitoa Luputa nikiwa na miaka tisa, ukanileta kwa treni na kikapu cha kuku. Bila wewe hakuna wa kusimama upande wangu, na bila Odile sitaki kusimama upande wowote. Hapo ndipo nilipo.

Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja, lakini mstari huo una uzito, siwezi kuuinua bila kwanza kukuhadithia habari za mashua. Weka maji ya bukari motoni, uketi. Yatachemka kabla sijafika.

Nilikuambia kwamba walinitoa kwenye mabomba ya mgodini Kolwezi wakanileta hapa Nzilo, kwenye ziwa lililofanywa na ukuta wa bwawa la umeme. Sikukuambia kazi yenyewe. Ng'ambo ya ziwa kuna vijiji ambavyo maji yalipopanda vilihama mlimani, na njia yao ya kuja dispensari ikawa imelala chini ya maji. Mama mjamzito hutembea siku mbili kuzunguka. Ndipo ikaundwa mashua ya mbao, hatua kumi urefu wake, yenye injini, ya kumpeleka muuguzi Kisimba kwa wagonjwa na kuwaleta wagonjwa kwake. Mbao zilikwisha kuunganishwa nilipofika. Mimi nilipewa vyuma vyote: vya kufungia kamba, bamba la pua, vioo vya kibanda, na bolti kubwa zinazopenya sakafu mpaka majini kushikilia kitako cha injini. Bwana Henri, Mzungu wa atelie, karakana yetu, alisema kila tundu nitakaloliziba ni langu, na kila tone litakaloingia ni langu pia.

Kwa hiyo, Yaya, jambo la kwanza lilikuwa kuchagua dawa ya kuzibia. Nikaenda magazini, ghala ya atelie, nikatoka na makopo manne. La kwanza mastiki ya vioo, ile nyeupe ya nyumba za Wazungu, inayonuka mafuta ya mbegu. La pili gudroni, lami ya barabara. La tatu gundi ya mbao, unga mwekundu unaochanganywa na maji yake maalumu, ambayo fundi seremala aliisifia kwamba ikishika imeshika hata Siku ya Hukumu. La nne lilikuwa kopo dogo lililotoka Ulaya, Antwerp, mastiki laini ya kijivu, hakuna aliyeijua, na karatasi yake ilikuwa imeliwa na panya. Watu wa mgodini walinicheka. Sisi wa mabomba tuna dawa yetu, rangi nyekundu ya risasi na nyuzi za katani, tunazungusha, tunakaza, kwisha. Lakini bomba halichezi, na mashua hucheza usiku na mchana hata ikiwa imefungwa. Hilo nililifikiria mwenyewe, na nilijivuna sana.

Nilikata vipande vya mbao, nikafungia kila kimoja chuma kwa dawa yake. Nusu nikavifunga kwa waya na tofali nikavizamisha ziwani, nusu nikaviweka juu ya bati vipigwe na jua la kiangazi. Msaidizi wangu ni Tata Mukalay, mzee kutoka ziwa Kisale, ambaye ametengeneza mitumbwi tangu kabla ya reli. Aliniuliza kama nimepanda muhogo ndani ya maji, na ni lini tutavuna.

Tulivuna baada ya mwezi. Mastiki ya vioo ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Gudroni iliyeyuka juani, ikachuruzika ukutani mwa atelie, na jogoo wa Tata Mukalay alikanyaga humo akatembea siku mbili na majani miguuni. Ile gundi nyekundu kweli ilishika. Nilipotaka kukitoa chuma kilikataa, nikatumia tarimbo, kikatoka na nyama ya mbao. Hapo Tata Mukalay alisema neno nililoliandika kwenye daftari langu: gundi ni ya kitu ambacho hutaki kukitoa maisha yako yote, na kwenye mashua vitu hivyo si vingi, maana kila chuma siku moja huoza na kutaka kubadilishwa. Ile ya kijivu ilikuwa imekuwa kama ufizi, inajivuta na kurudi, na chini yake mbao zilikuwa kavu kabisa. Basi nikaichagua. Bwana Henri aliagiza makopo kumi na mawili kwa neno langu, mimi Ngeleka wa mabomba. Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Tarehe tano Oktoba mashua ilishushwa majini. Alikuwapo Bwana Henri na kofia yake, Kisimba na koti jeupe lililopigwa pasi, masanduku ya dawa, na padri aliyekuja kubariki. Tulikwenda vizuri mpaka katikati ya ziwa. Kisha Kisimba aliinua mguu mmoja, akautazama, akauinua wa pili. Maji yalikuwa yanaingia kwenye bolti za injini, zote nane, taratibu, kama watu wanaoingia kanisani. Tulirudi tukikomba kwa beseni ya dispensari na kwa kofia ya Bwana Henri. Padri alikomba kwa mikono huku akisali. Sasa tunacheka, siku ile hakuna aliyecheka.

Ufukweni Bwana Henri alilishika kopo la mastiki akalitupa mchangani. Alisema ni takataka, wamemuuzia takataka, ataandika Antwerp na kuyarudisha yote, na mashua itapakwa gudroni kama barabara. Kisimba alisema hata yeye alikuwa hakiamini kitu kile cha kijivu tangu mwanzo. Mafundi wote walitikisa kichwa wakilitazama kopo. Nami nilisimama hapo hapo, Yaya, nikalitazama kopo pamoja nao, nikanyamaza.

Walipoondoka nilishuka ndani nikafungua bolti moja. Mbao chini yake zilikuwa nyeupe, kavu, hazina mastiki hata chembe. Mastiki yote ilikuwa nje, imetoka pembeni kama ugali unaomtoka mtoto mdomoni. Nikafungua ya pili, hivyo hivyo. Unajua jinsi sisi wa mgodini tunavyokaza. Tunachukua ufunguo wa nati, tunauchomeka kwenye kipande cha bomba ili urefuke, halafu tunauning'inia kwa uzito wa mwili. Nati isipolia, kwetu haijakazwa. Kwenye bomba la chuma ni sawa. Kwenye mashua nilikuwa nimeikamua mastiki mbichi yote ikatoka, mbao ikagusa chuma, na penye kugusana hivyo maji hupita yanavyotaka. Dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mkono huu unaokuandikia.

Nikaketi ndani ya mashua, matako ndani ya maji, na nikaisikia sauti yako. Si kwa ndoto, mimi si mtu wa ndoto. Niliisikia kama ulivyokuwa ukiniambia Kolwezi katika kambi ya mgodi, jikoni, mikono yako ikiwa na unga mpaka kwenye kiwiko:

“Ukikaza yote leo, kesho utakaza nini? Kaza kidogo, ungojee ishike, ndiyo ukaze tena.”

Unakumbuka ulikuwa unanifundisha nini siku zile. Nami nakumbuka, na ndiyo maana maji ya bukari yako sasa yanaanza kulia.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Bwana Henri. Nilimwambia mastiki ni nzuri, asiirudishe, mimi ndiye niliyeiharibu kwa kuikaza. Nilidhani atanirudisha kwenye mabomba. Badala yake aliuliza kwa nini jana nilinyamaza. Kisha akanipa siku nane za kurekebisha.

Nilifungua kila kitu, nikasafisha, nikaweka mastiki mpya kwa wingi. Ufunguo niliushika kwa vidole viwili, bila bomba la kurefushia. Nilikaza mpaka mastiki ilipochungulia pande zote, nikaacha. Siku tatu sikugusa. Tata Mukalay alinikuta nikizunguka mashua mikono nyuma, akasema ninafanana na mwanamume ambaye mkewe yuko kwa mkunga. Siku ya nne, ilipokuwa imeshika lakini bado ina ulaini, nilikaza nusu mzunguko, basi. Tangu siku ile, Yaya, ni wiki tano, na ndani ya mashua hakuna tone. Kisimba anavaa soksi. Alhamisi iliyopita tulimvusha mama mmoja kutoka ng'ambo akiwa na uchungu, akajifungua dakika chache baada ya kufika, naye akalalamika tu kwamba benchi ni gumu. Nimeona raha ambayo sijui kuiandika.

Lakini lile swali la Bwana Henri lilinikalia. Kwa nini jana ulinyamaza. Nililala nalo na kuamka nalo, kwa sababu, Yaya, haikuwa mara yangu ya kwanza kusimama penye kosa langu na kukitazama kitu kisicho na hatia kikitupwa mchangani. Waswahili husema mficha maradhi kifo humwumbua. Basi nisikie, na kama utakasirika, kasirika na mimi.

Siku ile ya mwaka 1948 ulikwenda kumwona Mama Laurentine aliyekuwa amejifungua, ukaniachia chungu cha lutuku, pombe ile iliyokatazwa kambini. Moto ulikuwa mdogo, bomba la shaba lilikuwa limeingia mdomoni mwa chungu, na unga wa muhogo wa kuzibia ulikuwa umeukanda tayari. Uliniambia niuzungushe, niufunge kwa kitambaa bila kuvuta, nikae nao mpaka upate joto na kushika, ndipo nivute tena. Nilikuwa na miaka kumi na tano na mpira ulikuwa unanisubiri nyuma ya safu yetu. Sikuchukua kitambaa. Nilichukua waya na koleo, nikakaza yote mara moja mpaka unga ukatoka pembeni, nikaona nimekuwa fundi, nikaenda uwanjani.

Niliporudi mvuke ulikuwa unatoka pale kwenye mdomo, na harufu ya lutuku ilikuwa imejaa mpaka kwenye nyumba ya sita. Mama Mado wa jirani ndiye aliyeniita kwanza, juu ya ukuta. Alisema chungu chetu kinapumua, nitoe moto upesi. Nikamjibu kwamba ni maharagwe. Kisha yeye akamwona polisi wa kambi akija upande wa bomba la maji, nami nikamwona. Alichukua ndoo yake, Yaya, akamwendea. Alimsimamia mbele, akaanza kulalamika juu ya bomba, juu ya foleni, juu ya ule ugomvi wenu wa ndoo wa wiki ile, alikutaja kwa jina na kukutukana kwa sauti, ili tu asipite. Na mkono wake mmoja, nyuma ya mgongo, ulikuwa unanipungia: toa, toa. Alininunulia muda ambao mtu angeweza kula sahani nzima ya bukari. Ningeweza kumwaga kila kitu chooni. Mimi niliduwaa, halafu nikakimbia kupitia nyuma, nikajificha kwenye mihogo.

Wewe ulikuwa unarudi kwa njia ya juu, ukamwona Mama Mado anaongea na polisi na mkono umeelekea nyumbani kwako. Ndivyo ulivyoona, na macho yako hayakukosea. Wakakubebesha kile chungu kichwani, ukapita nacho safu zote mpaka ofisi ya kambi, watu wamesimama milangoni. Nilikuwa mihogoni, nilikuona. Hukuinamisha kichwa, chungu hakikumwagika. Jioni, kabla hawajawatoa kambini wewe na shemeji, mimi nikibaki kwa mapadri wa shule, uliniuliza ni nani aliyemwita polisi. Nami nikasema: nilimwona Mama Mado akiongea na polisi.

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Ndiyo sentensi ya uongo kuliko zote nilizowahi kusema, na nimekaa nayo miaka tisa.

Nilipokwenda kumwomba Odile, mwezi Julai, Mama Mado alingoja wengine watoke. Nilidhani atanifukuza. Nilimwuliza kwa nini hakujitetea miaka yote hii, hata wewe ulipomtemea mate mbele ya watu stesheni. Akanijibu akichambua mchele, hakuinua uso:

“Weye ulikuwa mutoto. Kama mi ningesema, bapadri bangekukatala ku masomo ya ufundi. Sasa uko muntu mukubwa. Ile neno haiko ya mi kusema.”

Hivyo shule iliyonifanya fundi, na kazi hii, na mashua hii, niliipata kwa kuwa mwanamke mmoja alikubali kuitwa mchongezi. Mashua niliitengeneza kwa neno lako, na nafasi ya kuitengeneza nilipewa na yeye. Nyinyi wawili mmenilea pamoja na hamsalimiani, na aliyesimama katikati ni mimi. Nisamehe, Yaya. Nililia nilipoandika mstari huu, ndiyo maana wino umetanda hapa, usidhani ni mvua ya Nzilo.

Najua Lubudi hamkuharibikiwa. Umesema mwenyewe kwamba mahindi yenu yanawashinda watu wa kambi, na kwamba shemeji afadhali reli kuliko shimo. Silitaji hilo ili nijipunguzie. Mashamba ni ya mikono yenu, aibu ilikuwa yangu, nami nikakuachia uibebe.

Kuna kitu kimoja ambacho Odile ndiye aliyenionyesha. Siku mlipotolewa, kile kiti kifupi alichokuchongea shemeji, cha miguu mitatu, kilibaki nje karibu na mafiga. Mama Mado alikichukua. Kiko kwake, amehama nyumba mara mbili na amehama nacho. Hakuna anayekikalia. Mtoto akijaribu huondolewa, na huambiwa kina mwenyewe.

Sikuombi ujibu wiki hii. Nimejifunza. Nimesema yote yaliyo yangu kusema, sasa naacha yashike. Siku ya harusi hatujaiweka na hatutaiweka mpaka nipate barua yako, iwe ya matusi au ya nini. Ukisema hapana, nitamwambia Mama Mado kwamba nimekwisha kukuambia, na nitaanza upya kungoja.

Nisalimie shemeji Kabongo, umsomee barua hii yote, hata pale panaponiaibisha, maana naye alitolewa kambini kwa ajili yangu. Salamu kwa mzee wa stesheni, kwa Mama wa Jumuiya, na kwa wote wanaouliza habari zangu. Tata Mukalay anakusalimu bila kukujua, anasema dada mwenye neno lile angefaa Kisale. Mungu awalinde, awape mvua ya kiasi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado ni mdogo wako,

Barnabé Ngeleka

Tena: ukiamua kuja, utabadilisha treni Tenke, kisha ushuke Kolwezi. Tuma neno kwa watu wa reli, litanifikia. Mimi nitakuwa kazini ziwani, lakini Mama Mado ameomba aje yeye kukupokea. Hajui nimekuandikia nini, anajua tu kwamba nimeandika. Umezoea kumkwepa miaka tisa, labda umesahau sura yake. Utamtambua kwa kile kiti, anasema atakuja nacho.